Alama ya Chungu Kwenye Mkono wa Tereza

Siku ya Jumatatu, tarehe 17 Machi, mwaka 2025, Tereza Mazengo, mfinyanzi wa Mlali katika wilaya ya Kongwa, aliketi kwenye benchi la hospitali moja jijini Dodoma, akiwa ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Kidole chake cha mwisho na nusu ya kile kinachofuata vilikuwa vimekufa ganzi tangu mavuno ya mwaka uliopita. Kiganja kilikuwa kimepungua nguvu. Mwezi Januari mtungi mbichi ulimponyoka ukasambaratika miguuni pake, na wanawake wenzake wa darasa la watu wazima waliokuwa wamekuja kumtembelea wakanyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa desturi yao.

Vidole hivyo vilimsumbua, lakini havikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi kilikuwa ngozi.

Ufinyanzi una siku moja ya kutisha, nayo ni siku ya kuchoma. Chungu kikiingia motoni kabla hakijakauka barabara, maji yaliyojificha ndani ya udongo hugeuka mvuke, chungu hulipuka, na vipande vyake huvunja vyungu vya jirani. Kazi ya mwezi mzima huishia kuwa vigae. Macho hayasaidii, kwa sababu chungu hupauka kwa nje huku tako lake nene bado lina unyevu. Viganja navyo havisaidii, maana viganja vya mfinyanzi vimekomazwa na udongo na mchanga hata havibagui baridi ndogo. Kwa hiyo Tereza, kama mama yake alivyomfundisha, hukilaza chungu upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo ngozi ni laini kama ya mtoto. Hufumba macho. Huhesabu hadi kumi. Chungu kilichokauka hutulia tu pale. Chungu chenye maji hutoa kibaridi chembamba kinachotambaa, na mwenye mkono hujua.

Kwa miaka ishirini na mitatu Tereza hakuwahi kupasua tanuri; hakuna chungu kilicholipuka motoni mwake. Watu wa Mlali walikuwa wakileta vyungu vyao kwake kabla ya kuchoma, vikapitishwa kwenye mkono ule kimoja kimoja, kama watoto wanaopimwa kliniki.

Sasa mkono huohuo ulikuwa unakwenda kupasuliwa, tena upande wa ndani wa kiwiko.

Aliyemtia hofu hakuwa mtu baki. Debora, wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa ameketi naye kwenye benchi lile. Miaka tisa iliyopita Debora alitolewa uvimbe kiwikoni, katika mji wa mbali alikokuwa akiishi wakati huo. Kidonda kilifunga vizuri, kovu likawa dogo, kila mtu akampongeza. Lakini kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono, ngozi ya upande wa ndani ilinyamaza, ikawa haihisi kitu. Na ndani ya kovu lenyewe pakabaki sehemu moja ndogo kama punje ya uwele, ambayo ikiguswa na nguo tu humpiga shoti mpaka machozi yanamtoka. Ndiyo maana Debora hukunja mkono mmoja wa blauzi yake hata wakati wa baridi ya mwezi wa saba. Naye alikuwa mfinyanzi. Aliacha. Sasa aliishi Nkuhungu, hapohapo Dodoma, na kuuza mboga za kukausha.

"Utawaambia?" Debora aliuliza.

"Nitawaambia."

"Usiseme nitawaambia kwa sauti ya kanisani, wifi. Waambie kwa sauti ya kununulia mbuzi."

Jina likaitwa. Debora akabaki nje, kwa kuwa tangu siku zake zile hakupenda kuona vitanda vya wagonjwa.

Ndani kulikuwa na madaktari wawili. Aliyekuwa anajifunza upasuaji aliitwa Denis, kijana mwembamba mwenye haraka. Mkubwa wake alikuwa mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia hapohapo Dodoma, Daktari Tahira, ambaye alisimama, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari," Tereza alijibu, na hapohapo akahisi ulimi wake unafungwa. Angeanzaje kumhoji daktari aliyempa shikamoo?

Daktari Denis alichukua kipande cha pamba akamwambia afumbe macho. Akaanza kumgusagusa mkono.

"Unahisi hapa?"

"Ndiyo, daktari."

"Na hapa?"

"Ndiyo, daktari."

"Kidole cha mwisho?"

"Ndiyo, daktari."

Denis aliandika kwenye faili kwamba hisia zote ni nzima. Daktari Tahira akatazama maandishi yale, akatazama kidole kile kilichokonda, akakunja uso. Alichukua kiti akaketi karibu.

"Mama, endelea kufumba macho. Hapa unahisi?"

"Ndiyo, daktari."

"Na hapa je?"

"Ndiyo, daktari. Vizuri kabisa."

"Mama, fumbua macho. Pamba iko mfukoni mwangu."

Denis alishindwa kujizuia, akacheka. Tereza aliona aibu hadi masikioni. Daktari Tahira hakucheka. Aliuliza kwa upole kwa nini amejibu hivyo.

"Daktari umesoma miaka mingi," Tereza alisema. "Ukiniuliza kama nahisi, basi nadhani napaswa kuhisi. Nikikujibu hapana, ni kama nakukosoa."

"Hapa ndani, mama, hapana yako ndiyo dawa yangu. Bila hapana yako natibu gizani."

Wakarudia kipimo. Safari hii Tereza alijikaza akasema hapana mara tatu, kila moja ikimtoka kama jino linalong'olewa. Daktari Tahira akamweleza kwa kuonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko unapita mshipa mkubwa wa fahamu, uleule ambao mtu akijigonga hupigwa shoti hadi kidole cha mwisho. Kwa Tereza, mshipa huo umebanwa katika mfereji wake mwembamba, pengine kwa sababu kwa miaka mingi amefinyanga akiwa ameegemeza kiwiko kilichokunjwa kwenye ubao. Atapasua hapo, afungue paa la mfereji, mshipa upumue. Operesheni ni Alhamisi.

"Una swali lolote, mama?"

Swali lilikuwepo. Lilikuwa limekaa kooni, limevaa na kujipamba, likingoja mlango ufunguliwe.

"Sina, daktari. Asante sana."

Nje, Debora alimsoma usoni kabla hajatamka neno.

"Hukusema."

"Sikusema."

"Tereza! Mtu amekuuliza kabisa, una swali?"

"Ameniuliza."

"Ukasema?"

"Asante sana."

Debora alishika kiuno. "Haya. Siku wakishakukata hiyo ngozi, nayo uiambie asante sana."

Walitembea hadi Nkuhungu. Baada ya chakula cha mchana, ugali wa uwele na mlenda, Tereza aliomba karatasi. Debora hakuwa na karatasi ila kalenda ya mwaka uliopita, iliyokuwa nyeupe upande wa nyuma. Ikachanwa. Tereza aliketi kizingitini, mahali penye mwanga mwingi, akashika kalamu kwa vile vidole vitatu vilivyobaki vizima.

Miaka mitatu nyuma asingeweza kufanya hivyo. Katika kila karatasi aliyopewa maishani mwake, ya mnada, ya kliniki, ya ubatizo, aliweka dole gumba. Ndipo Mwalimu Gladness alipofungua darasa la watu wazima chini ya bati la ghala la kijiji, naye Tereza akaenda akiwa na miaka arobaini na mitatu na aibu ya kutosha watu wawili. Mwalimu Gladness aliwafundisha mambo mengi, lakini lililomkaa Tereza moyoni lilikuwa hili: kwamba barua haina uso, kwa hiyo haioni haya. Kile ambacho mdomo unakimeza, mkono unaweza kukisema ukiwa umetulia. Na kwamba kila barua huanza na tarehe, ili mtu asije akasema hakuambiwa mapema.

Akaandika hivi:

"Nkuhungu, Dodoma. Tarehe 17 Machi 2025.

Kwa Daktari Tahira.

Leo uliniuliza kama nina swali nikasema sina. Nilikuwa nalo. Mimi ni mfinyanzi. Ngozi ya ndani ya mkono wangu wa kulia, chini ya kiwiko, ndiyo inayoniambia kama chungu kimekauka au bado. Wifi yangu alipasuliwa kiwiko, na tangu siku hiyo ngozi yake haihisi kitu. Swali langu ni hili. Utakapofungua njia ya vidole vyangu, je, utaikata njia ya ngozi yangu? Kama ni lazima moja ipotee, naomba niambiwe kabla, nichague mwenyewe.

Ni mimi, Tereza Mazengo, mwanafunzi wa darasa la watu wazima, Mlali."

Alimsomea Debora. Debora alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umeandika 'wifi yangu' tu. Ungeweka na jina, nami niingie kwenye vitabu." Kisha akageuka upande, akafuta macho kwa ule mkono wa blauzi usiokunjwa.

"Lakini atajuaje ni wapi hasa?" Debora aliendelea. "Mkono ni mrefu. Umeandika chini ya kiwiko. Chini ya kiwiko kuna mkono mzima."

Tereza alifikiri. Kisha akainuka, akachota udongo mwekundu uani, akaulainisha kwa maji. Akaupaka kwenye tako la chungu cha zamani ambacho yeye mwenyewe alimpa Debora siku ya harusi, akakilaza mkononi kama anavyofanya siku zote, bila kufikiri, bila kuchagua. Alipokiondoa, duara jekundu lilikuwa limebaki juu ya ngozi, limeinama kidogo kuelekea nyuma, upande unaotazama mbavu.

"Mimi nilidhani unaweka hapa mbele," Debora alisema kwa mshangao.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alijibu Tereza.

Asubuhi ya Jumanne alirudi hospitalini na barua mkononi na duara kavu la udongo kwenye ngozi. Muuguzi wa mapokezi alimtazama akadhani hajaoga. Tereza alivumilia. Daktari Tahira aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Baadaye alimwita Denis, akampa naye asome. Denis aliisoma, na kile kicheko cha jana kikamrudia usoni kama deni la aibu.

"Mama Tereza," alisema Daktari Tahira, "swali lako ni zuri kuliko maelezo yangu ya jana. Ningepaswa kukuambia bila kuulizwa. Vidole vya mgonjwa vikipona, sisi huona tumeshinda, na ngozi hatuiulizii."

Akachukua kalamu ya wino akaanza kuchora juu ya mkono ule, kuzunguka duara la udongo. Alisema kwamba ngozi ya mkono ina mishipa yake ya fahamu, tofauti na ile inayoendesha vidole. Nje ya mkono, upande wa dole gumba, unapita mmoja unaotokea pembeni ya msuli wa juu, karibu na kano ya kiwiko. Ndani, upande wa kidole cha mwisho, unapita mwingine unaoshuka na mshipa wa damu kutoka kwapani. Huu wa ndani, kabla ya kufika kiwikoni, hugawanyika. Tawi la mbele hulisha ngozi ya mbele. Tawi la nyuma huvuka kiwiko palepale mpasuaji anapopitisha kisu.

"Na chungu chako," alisema akigusa duara, "kimekaa karibu chote kwenye shamba la tawi la nyuma."

"Basi ndilo litakalokatwa," Tereza alisema.

"Ndilo nitakalolitafuta. Shida yake ni kwamba halina kibao barabarani. Kwa mtu mmoja linapita juu ya mfupa, kwa mwingine chini, kwa mwingine yako mawili au matatu, na yote ni membamba kama uzi wa kushonea. Mwenye haraka hulikata bila kujua kwamba amekata kitu. Likikatwa, ngozi hufa ganzi, na ncha iliyobaki inaweza kuota kifundo ndani ya kovu chenye maumivu makali."

"Kama ya Debora."

"Huenda. Sijamwona. Sasa sikia, mama: ahadi ya asilimia mia sikupi, kwa sababu nitakuwa nakudanganya. Ninachokuahidi ni kwamba sitakata kitu chochote kabla sijakitambua. Na kama nitalazimika kuchagua, nichague nini?"

Tereza aliutazama mkono wake. Aliviona vidole vyake vikiwa na nguvu, vikiinua mtungi. Akaiona siku ya kuchoma, na mkono uliolala chini ya chungu kama gogo. Kisha akasema, na safari hii neno halikumng'oa jino.

"Usichague, daktari. Tafuta."

Daktari Tahira alicheka kwa sauti. "Umesikia, Denis? Tumepewa amri." Akaupiga mkono ule picha, pamoja na duara lake na mistari ya wino, akaibandika barua mbele ya faili.

Alhamisi, tarehe 20 Machi, mkono ukiwa umeoshwa hata vumbi la Mlali likawa historia, Tereza alilazwa kwenye chumba cha upasuaji. Alichomwa sindano ya ganzi kwapani, na mkono wote ukawa mzito kama mfuko wa mahindi wa mtu mwingine. Kitambaa cha kijani kikatundikwa kati ya uso wake na kazi. Alikuwa macho. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia Daktari Tahira akisoma kwa sauti, kabla hajashika kisu, jina la mgonjwa, mkono wa kulia, aina ya operesheni, kisha, kana kwamba ni sehemu ya utaratibu wa siku zote, "Je, utaikata njia ya ngozi yangu?"

"Tumesikia wote?" aliuliza.

"Tumesikia," sauti zikajibu.

Kisu kikapita. Tereza hakuhisi maumivu, ila kuvutwavutwa kwa mbali. Alimsikia Daktari Tahira akimwelekeza Denis: ngozi tu, usizame, sasa weka kisu chini, chukua mkasi usio na makali, utanue mafuta kwa kufuata urefu wa mkono, usikate kwa kukingama. Polepole. Muda ukapita. Mtu akafuta jasho.

"Hapa kuna kimshipa kidogo cha damu kinakatiza," Denis alisema. "Nikichome, tupite?"

Tereza alilisikia lile tupite.

Alijua hatari ya neno lile kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu. Aliwahi kusema vivyo hivyo juu ya chungu: hiki kimekauka, tupite. Kila aliyewahi kupasua tanuri alianza kwa kusema tupite. Akataka kupaza sauti, lakini nani anapaza sauti akiwa amelazwa hivyo, mbele ya madaktari? Shikamoo zote za maisha yake zilimkalia kifuani. Kisha akafungua mdomo.

"Hapana," alisema.

"Mama?" Daktari Tahira aliita. "Unaumia?"

"Siumii. Nimesema hapana. Muache kwanza aangalie."

Viatu vikasogea. "Ondoa hicho kifaa, Denis," alisema Daktari Tahira. "Sogeza taa. Mshipa wa damu ukiubonyeza hukunjika na kuwa tupu. Bonyeza. Umekunjika?"

"Haujakunjika." Sauti ya Denis ilikuwa imepungua. "Ni mweupe. Unang'aa. Unagawanyika mara mbili huku mbele."

"Huo unaitwaje?"

"Ni… ni tawi la nyuma, daktari. La mshipa wa fahamu wa ngozi."

"Mwambie mwenyewe."

Denis alizunguka kitambaa, barakoa usoni, macho peke yake yakionekana, na macho hayo yalikuwa yamelowa. "Mama Tereza, tumeipata njia ya ngozi yako. Iko nzima. Nilikuwa nataka kuichoma. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba," Tereza alijibu. "Rudi ukailinde."

Tawi lile likazungushiwa kamba laini ya mpira, likasogezwa kando kwa uangalifu, nalo tawi dogo la pili lililokuwa chini yake likafanyiwa vivyo hivyo. Ndipo Daktari Tahira akashuka hadi kwenye mfereji, akafungua paa lake, na mshipa mkubwa, uliokuwa umebanwa hata ukapata kiuno kama nyigu, ukaachiwa. Wakati wa kushona, nyuzi zilihesabiwa na kila sindano ikatazamwa isije ikanasa uzi ule mweupe.

Tarehe 3 Aprili nyuzi zilitolewa. Denis alileta pamba.

"Fumba macho, mama. Unahisi hapa?"

"Ndiyo, daktari."

"Na hapa?"

"Ndiyo. Karibu na kovu ni kwa mbali kidogo, lakini nahisi."

"Na hapa?"

Tereza alitulia kama mtu anayesikiliza mlango. "Hapana, daktari. Hujagusa. Pamba iko mfukoni."

Wauguzi walicheka hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Kidole cha mwisho kilikuwa bado kizito, na Daktari Tahira alimweleza kwamba mshipa uliobanwa muda mrefu hurudi taratibu, kwa miezi, kwa hiyo asiwe na haraka. Tereza alirudi Mlali na maelekezo yake ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, tarehe ikiwa juu.

Mwishoni mwa Juni, mahindi yakiwa yamekwisha vunwa na upepo wa Kongwa ukifuta kila wingu, siku ya kuchoma ikafika. Vyungu arobaini na kimoja vilipangwa uani kwa Tereza, vyake, vya wanawake sita wa darasani, na mtungi mmoja wa Debora. Samadi kavu na mabua ya mtama vilikuwa tayari. Debora alikuja kutoka Nkuhungu na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa akakubali kuketi karibu na tanuri.

"Mbukwenyi," akawasalimu wote kwa Kigogo, kisha akaanza kelele zake. "Nimekuja kuona huo mkono uliotoa amri hospitali."

Wanawake walijaa uani. Kila mmoja alijua kinachopimwa siku ile. Tereza alikunja mkono wa nguo, kovu likaonekana, jembamba, limepita nyuma kidogo ya mfupa. Akainua chungu cha kwanza. Kidole cha mwisho kilishika. Akakilaza chungu mahali pake, akafumba macho.

Moja, mbili, tatu. Kumi.

"Kimekauka."

Cha pili, kimekauka. Cha tatu, cha kumi, cha ishirini. Wanawake wakaanza kupumua. Alipofika cha thelathini na nne, mtungi mnene wa Debora mwenyewe wa majaribio, uliofinyangwa mwezi uliopita kwa mkono mmoja mzuri na mwingine wa kubahatisha, Tereza alikaa zaidi ya kumi.

"Huo umekauka," Debora alisema. "Tazama ulivyopauka. Umepauka kama goti la mwanafunzi!"

Tereza hakufumbua macho. Katika duara lile, palepale ambapo udongo mwekundu uliwahi kuacha alama, kibaridi chembamba kilikuwa kimeanza kutambaa. Kilitambaa taratibu kutoka nyuma ya mkono kuja mbele, kama zamani, kama alivyofundishwa na mama yake, na machozi yakamtoka kabla ya neno.

"Hapana, wifi," alisema. "Una maji."

Ukawekwa kando. Ili kuondoa ubishi, Debora alikwangua tako lake kwa kisu, na ndani udongo ulikuwa wa kahawia na unyevunyevu. Vigelegele vilivyopigwa uani hapo viliwatoa majirani nje, wakidhani kuna posa. Tanuri likawashwa. Saa za moto zikapita, majivu yakapoa, na vyungu vikatolewa kimoja kimoja, vikagongwa kwa ukucha, vikalia kama kengele. Arobaini viliingia. Arobaini vilitoka.

Debora aliuchukua mtungi wake mbichi, akauketisha mapajani. Akaukunja vizuri ule mkono mmoja wa blauzi.

"Tereza," alisema bila mzaha, "yule daktari wako, je, anaweza kuangalia hata kovu la miaka tisa?"

"Sijui. Sitakudanganya. Lakini siku ya kutolewa nyuzi alisema mtu akija na maumivu ya kovu la namna hiyo, anaweza kukitafuta hicho kifundo na kuona kama kinatibika."

"Basi niandikie barua."

"Sikuandikii," Tereza alijibu, akamletea karatasi na kalamu. "Darasa ni Jumatano, saa tisa, chini ya bati la ghala. Utaiandika mwenyewe, nami nitakaa kando yako. Lakini mstari wa kwanza tunaweza kuuanza leo."

Debora alishika kalamu kama mtu anayeshika kifaranga. Tereza akamwongoza mkono, herufi kwa herufi, mpaka mstari ukakamilika juu ya karatasi nyeupe, umepinda lakini unasomeka: Mlali, tarehe 28 Juni 2025.

Nawe uliyesoma habari hii hadi hapa, usiikunje ukaifungia kabatini. Msomee mwenzako anayesubiri kupasuliwa mkono, na yule anayesema ndiyo huku moyo wake unasema hapana, naye akimaliza kusikia, mwombe amsomee mwingine.